Maoni Mengine (Si Lazima)

Dodoso limeingia saa tano usiku, bando likikata roho.
Chagua moja hadi tano. Moja: sikubali kabisa.
Tano: nakubali kabisa.
"Masomo kwa njia ya mtandao yamekidhi mahitaji yangu."
Nimeweka tatu. Tatu ni namba ya mtu anayetaka kulala.

Lakini huku chini mmeacha kisanduku kitupu,
na mimi, Dokta Kweka, sikulelewa kubakiza kitu kwenye sahani.

Niko Maji ya Chai, juu kidogo ya barabara ya lami.
Chuo kilipofungwa nilirudi na begi moja, ndani yake koti jeupe
limekunjwa mara nne, halijanusa bado mdomo wa mtu.
Darasa langu ni banda la mbuzi.
Hapo ndipo mtandao hushika, baina ya beberu na debe la pumba.
Mwanaidi wa Kondoa hupanda kichuguu;
tumezoea kusikia upepo wake kabla ya jibu lake.

Neno moja nimelisoma kuliko yote ya anatomia:
"Mnanisikia?"
Mnani— kia?
Na sisi arobaini na wawili, vipaza sauti vimezimwa,
tunaitikia kwa vichwa usivyoviona.

Wiki ya sita ukaagiza tuchonge gego la chini, la kulia,
kwa nta. Nta ya wapi? Nikakata sabuni ya mche,
ile ya bluu, mama aliyoiweka mlangoni kwenye ndoo ya kunawia.
Kisu cha kumenyea ndizi. Mwiba wa mlimao kwa mifereji.
Vilima vitano, mizizi miwili. Nililirudia mara nne.
Jino la pembe si dawa ya pengo, walisema wahenga;
la sabuni hawakulitaja.

Slaidi zako zina meno meupe, Dokta,
meupe kama ya mtu asiyewahi kunywa maji.
Hapa maji yana madini yake,
na meno yetu yana rangi ya jina la kijiji.
Mdogo wangu Anaeli hucheka mkono mdomoni
tangu darasa la tatu. Barakoa zilipokuja,
ni yeye peke yake humu ndani aliyefurahi.
Hilo dodoso halikuuliza.

Siku ya ganzi, ukiwa kwenye neva ya taya la chini,
Mama Nnko aliingia, shavu limeumuka kama andazi.
"Si wewe unasomea meno?"
Niko mwaka wa tatu kati ya mitano, nikasema.
"Basi ng'oa kwa kadiri ulipofikia."
Nikawasha tochi ya simu. Kamera niliisahau.
Kinywa chake kikajaa kwenye vioo vyenu vyote:
kahawia, madoadoa, gego limeoza hadi kwenye kiini,
ufizi unang'aa kama zambarau iliyooshwa.
Nikasikia slaidi zimenyamaza.
"Usizime. Sogeza kushoto. Mwanaidi, unaona nini?"
Na Mwanaidi, na upepo wake, akaona.
Dakika kumi na moja,
hakuna aliyeuliza kama tunasikiana.
Kisha bando likaisha.

Sikung'oa. Mikono yangu ilijua sabuni tu.
Nikavaa koti, tukaenda Tengeru kwa bodaboda,
mimi nyuma, nikimkinga mgongo.
Daktari wa kule alinipa kikombe cha kutemea nishike.
Nilishika.
Damu ina joto, Dokta. Slaidi haikusema.

Swali la tisa: "Nimepata mazoezi ya vitendo ya kutosha."
Hakuna namba ya kikombe, nimeliruka.

Mkifungua nitakuja. Gego la nne, lile lililonyooka,
nilikuwa nimelitunza kwenye kopo la kahawa ulipe alama.
Jumamosi nimelikuta kwenye beseni la mama,
vilima vimelainika, mzizi umebaki mmoja,
analisugulia koti langu.
Tone la Mama Nnko limefifia.
Halijatoka.